Wajenzi wa Luanda wa vizazi vitatu: tathmini ya kazi yao na historia iliyoizaa

Anayetafuta mjenzi katika Kaunti ya Vihiga hakosi majina. Katika kila kituo cha barabara ya Kisumu hadi Busia kuna fundi anayesubiri kando ya duka la vifaa, mwiko na timazi mkobani, tayari kuanza kazi kesho asubuhi. Aliye adimu ni mjenzi ambaye nyumba iliyojengwa na babu yake bado inakaliwa, na ambaye anaweza kumpeleka mteja akaione kwa miguu kabla ya kumwomba hata shilingi moja. Kampuni ninayoitathmini hapa ni ya aina hiyo. Ni mali ya familia moja ya mjini Luanda, sasa inaongozwa na wajukuu wa mwanzilishi, na ndiyo iliyomjengea mama yangu nyumba ya vyumba vitatu vya kulala upande wa Emuhaya, si mbali na mji huo. Nimeridhika na kazi yao kwa kiasi kikubwa, ingawa si kwa yote. Na kadiri ninavyoifikiria, naona kwamba yaliyonipendeza na yaliyoniudhi yana chimbuko moja, yaani namna familia hii ilivyoingia katika ujenzi na namna ilivyodumu humo.

Jina lao siliandiki kwa sababu wenyewe wameomba hivyo. Wanasema kazi waliyo nayo inawatosha, na hawataki kupigiwa simu na watu wa Nairobi au Eldoret wenye viwanja ambavyo msimamizi hawezi kuvifikia kwa bodaboda asubuhi akarudi kabla ya jioni. Anayewahitaji kwa dhati atashuka Luanda, aulize karibu na stesheni ya reli, na mkazi yeyote mwenye umri wa kutosha atamwonyesha karakana yao.

Habari yao inaanzia kwenye reli hiyo hiyo. Njia kuu kutoka Mombasa ilifika Kisumu, mji ambao wakati huo uliitwa Port Florence, mwezi wa Desemba 1901, lakini nchi iliyo kaskazini-magharibi yake ilisubiri karibu miaka 30 zaidi, hadi tawi la kwenda Butere lilipokamilika mwaka 1930 likipitia Maseno, Luanda na Yala. Reli ilirahisisha kuleta mabati, saruji na chokaa kwa kiasi ambacho mikokoteni ya ng'ombe haikukiweza, na ikaleta pia mafundi Wapunjabi, ambao wenyeji waliwaita Makalasinga, waliokuja kujenga majengo ya reli, maghala na maduka. Kwa simulizi ya familia, babu alianza kwa kuwabebea mafundi hao maji na kuwakorogea chokaa, akaruhusiwa kupanga matofali sehemu za ukuta zisizoonekana, na mwishowe akaachiwa kona. Mwashi yeyote atakuambia kwamba kona ndiyo mtihani: ukuta ulionyooka unaweza kujengwa kwa kufuata uzi, ila kona isiyofungwa vizuri hufunguka baada ya misimu michache ya mvua, na nyumba nzima huanza kuifuata.

Kaka yake babu alipitia mkondo mwingine. Shule ya Maseno, iliyoanzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society mwaka 1906, iliwafundisha wanafunzi wake kazi za mikono sambamba na kusoma na kuandika, jinsi walivyofanya pia Wakweka (wamisionari wa Quaker) waliofika Kaimosi mwaka 1902 na kuanzisha huko upasuaji wa mbao na uchomaji wa matofali. Kaka huyo alitoka Maseno akiwa seremala. Ndugu hao wawili walipoanza kuchukua kazi pamoja, mmoja alisimamisha kuta na mwingine akaezeka, na mgawanyo huo haujafutika hadi leo. Wazao wa mwashi wanasimamia msingi, kuta na plasta. Wazao wa seremala wanasimamia paa, milango na madirisha. Ninalitaja jambo hili mapema kwa sababu mteja makini ataona kwamba viwango vya matawi hayo mawili havilingani, na nitaeleza hapo mbele ni lipi lililonizidi matarajio na lipi lililonisumbua.

Kizazi cha pili ndicho kilichoijenga sifa ya kampuni. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 na wito wa Harambee ukaenea, karibu kila kata ya magharibi ilitaka shule yake ya sekondari. Wazazi walichanga, serikali ikaongeza kidogo au isiongeze kabisa, na aliyejenga alikuwa fundi wa karibu ambaye angekubali kulipwa kwa vipande, mara nyingine kwa mahindi au kwa ndama. Baadaye Sheria ya Leseni za Biashara ya 1967 iliwabana wafanyabiashara wasio raia, na maduka mengi ya Wahindi katika miji midogo yakabadilisha wamiliki. Wenye maduka wapya walitaka kuyapanua, na kazi hiyo ikawaangukia mafundi Waafrika waliokuwa wamejifunza kwa kutazama. Halafu ukaja mtaala wa 8-4-4 mwezi wa Januari 1985, ambao ulizitaka shule za msingi ziwe na karakana na vyumba vya sayansi kimu, na kwa mara nyingine mzigo ukawa wa wazazi. Nimeonyeshwa karakana kadhaa za wakati huo walizozijenga. Nyingine leo ni ghala la madawati yaliyovunjika, na hakuna mtoto aliyewahi kupiga randa ndani yake kwa zaidi ya miongo miwili, lakini kuta zimesimama wima na linta hazijakatika.

Kutoka katika miaka hiyo ya kujengea kamati za shule, familia ilirithi vitu viwili. Cha kwanza ni madaftari. Kwa kuwa malipo yalichukua miaka, baba wa wasimamizi wa sasa alilazimika kuandika kila kitu ili asidhulumiwe kamati inapobadilika: kiwanja cha nani, msingi ulichimbwa kina gani, udongo ulikuwa wa rangi gani, matofali yalitoka tanuru gani, mifuko mingapi ya saruji ilitumika na nani aliyeshuhudia. Hakukusudia kuandika historia. Alikusudia kudai deni lake. Matokeo yake ni kwamba kampuni hii ndogo ina kumbukumbu ya udongo wa Luanda, Emuhaya na sehemu za Maseno ambayo sijaiona kwa mjenzi mwingine yeyote, wakiwemo wenye ofisi za vioo mjini Kisumu. Nilipowaeleza mahali kilipo kiwanja cha mama, msimamizi alifungua daftari la miaka ya 1970 akanionyesha nyumba ya jirani wa bondeni, ambako walikutana na udongo wa kijivu uliojaa maji. Bei yao ilizingatia habari hiyo tangu mwanzo, kabla hawajatia jembe ardhini.

Kitu cha pili walichorithi ni tabia ya mzee kuamua papo hapo na kutoa hesabu baadaye. Kamati za Harambee zilimwamini fundi wao, na mara nyingi hakukuwa na mtu wa kuulizwa katikati ya juma, kwa hiyo baba yao aliamua peke yake na kueleza Jumapili baada ya ibada. Tabia hiyo ilifaa wakati wake. Kwa mteja wa leo anayeishi Kisumu, anayelipa kwa hatua na anayefuatilia kila shilingi kwa simu, ni kero kubwa.

Baba huyo alipofariki, familia iligawanyika, kama familia nyingi zenye mali zinavyogawanyika. Babu alikuwa na wake wawili. Watoto wa nyumba kubwa walibaki na ujenzi, vifaa vya kazi na madaftari. Watoto wa nyumba ndogo walichukua duka la vifaa na lori. Leo pande zote mbili zinatumia jina moja la ukoo kwenye vibao vyao, na wa dukani nao wamerudi katika ujenzi kwa kuajiri mafundi wa kupita. Sina la kuwalaumu watu wa dukani, kwa kuwa sijawahi kufanya nao kazi. Ninachosema ni kwamba ninayoyaeleza hapa yanahusu wa karakana iliyo karibu na stesheni pekee, na mgeni asiyeuliza anazungumza na watoto wa nyumba gani anaweza kutia saini mkataba na watu wengine kabisa huku akiamini kwamba amepata wale walioijenga shule ya baba yake.

Wajukuu walipochukua uongozi walikuta sheria zimebadilika. Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya 2011 iliwataka wanakandarasi wote wasajiliwe katika madaraja 8, na baada ya serikali za kaunti kuanza kazi mwaka 2013, michoro ikawa inaidhinishwa na kaunti. Kwa kampuni iliyozoea kuanza kazi kwa kupeana mikono na kumwaga kinywaji kidogo kwenye kona ya msingi, mabadiliko hayo hayakuwa madogo. Aliyewavusha ni mjukuu wa kike, ambaye alisomea ujenzi katika chuo cha Sigalagala na ndiye anayekokotoa vifaa, kuandika mikataba na kushughulikia vibali. Wapo wateja, hasa wazee wa makamo yangu, ambao humsalimu kwa heshima kisha wakamgeukia kaka yake kuuliza bei. Kaka humrudishia dada yake swali, mara nyingi kwa tabasamu, kwa sababu hesabu haijui.

Sasa niingie katika kazi yenyewe.

Hatukuanza upesi. Dada huyo alikataa kupeleka hata kibarua mmoja kiwanjani kabla ya mchoro kuidhinishwa, ingawa fundi mwingine niliyemwomba bei alikuwa tayari kuanza siku hiyo hiyo na kushughulikia karatasi baadaye. Fundi huyo mwingine alikuwa pia nafuu zaidi, kwa takriban sehemu moja ya tano. Nilipozilinganisha orodha mbili za vifaa niliona unafuu ulikotoka: katika orodha yake hapakuwa na nondo za mkanda wa zege unaozunguka nyumba juu ya madirisha, wala karatasi ya kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta. Katika eneo lenye misimu miwili ya mvua nzito, nyumba isiyo na karatasi hiyo huanza kupanda ukungu ukutani kabla rangi haijazoeleka. Ninamshauri kila mtu asilinganishe jumla za chini ya ukurasa, alinganishe mistari.

Msingi ndio sehemu ninayowapa alama ya juu kabisa. Udongo mwingi wa Emuhaya ni mwekundu na mgumu, na chini yake mara nyingi kuna mwamba wa matale, tofauti kabisa na uwanda wa Kano ng'ambo ya Kisumu, ambako udongo mweusi huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, hivi kwamba mjenzi hulazimika kuuondoa na kujaza murramu. Lakini kiwanja cha mama kinateremkia kijito. Walichimba mashimo ya majaribio katika pembe zote, na pembe ya chini ikatoa udongo ule ule wa kijivu ulioandikwa kwenye daftari la jirani. Hapo walishuka chini zaidi hadi ardhi ngumu, wakaweka nondo kwenye ukanda wa zege wa upande huo wote, na wakajaza mawe ya Maragoli yaliyopasuliwa kwa mkono na watu wa kando ya barabara, kazi ambayo katika eneo hili hufanywa zaidi na akina mama na vijana. Zege la msingi walilichanganya kwa kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto, na walitumia ndoo kupima badala ya koleo, jambo linaloonekana dogo hadi umeona jinsi kibarua aliyechoka anavyopunguza saruji kadiri jua linavyopanda.

Hapo hapo kwenye msingi ndipo lilipotokea lalamiko langu kubwa. Uamuzi wa kushuka chini zaidi ulikuwa sahihi, na kama ningeulizwa ningekubali. Sikuulizwa. Nilipata habari kutoka kwa mama, ambaye alinipigia simu kushangaa kina cha mfereji, na hesabu ya nyongeza ikaniijia baada ya zege kumwagwa. Nilipolalamika, kaka alieleza kwamba mvua ilikuwa inakaribia na mfereji usingesubiri. Dada aliomba radhi, akaongeza kwenye mkataba kifungu kinachosema kwamba badiliko lolote la gharama litajulishwa kwa maandishi kabla ya kutekelezwa, na kuanzia hapo kifungu kiliheshimiwa. Atakayewaajiri baada yangu akidai kifungu hicho tangu siku ya kwanza, hawatakikataa.

Kuta ni za matofali ya kuchoma. Walinipa pia chaguo la matofali ya kushindiliwa kwa mashine, ambayo huchanganywa na saruji kidogo, hayahitaji kuni na hushikana bila udongo mwingi kati yake; mjukuu wa kike anayapenda na amejengea nayo nyumba chache. Mama alikataa kwa sababu hajaona nyumba ya aina hiyo iliyozeeka, na sikuwa na hoja ya kumshinda. Matofali yaliyoletwa yalijaribiwa mbele yetu: walichukua mawili wakayagonganisha kusikiliza mlio, wakaloweka mengine usiku kucha kuona kama pembe zitamomonyoka, na wakarudisha sehemu ya mzigo wa kwanza kwa mwenye tanuru. Kila tofali lilitiwa maji kabla ya kupangwa, kwa kuwa tofali kavu hunyonya maji ya udongo wa saruji na kuuacha ukiwa unga. Mchanga ulioletwa mara ya kwanza ulikuwa na tope. Waliutia katika chupa ya maji, wakautikisa, wakautuliza, na kwa kuona unene wa tope lililokaa juu wakaukataa. Kuta zilinyeshewa maji asubuhi na jioni kwa juma zima, na mama alichukua jukumu la kuhakikisha vijana hawaisahau zamu ya jioni. Niseme tu kwamba hakuna msimamizi wa ujenzi anayeogopwa kama mama mwenye nyumba aliyekaa kwenye kiti chake chini ya mwembe.

Tawi la seremala lilinishangaza zaidi. Bei ya mbao nchini ilipanda sana baada ya serikali kusimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018, na hata baada ya Rais kutangaza kuondoa marufuku hiyo mwezi wa Julai 2023, mbao za msaipresi hazikurudi kwenye bei ya zamani. Mafundi wengi waliingia katika mikaratusi ya mashamba ya watu binafsi, ambayo Vihiga imejaa, na wakaipigilia ikiwa mbichi. Mbao mbichi ya mkaratusi hujipinda inapokauka, na paa lote huonekana kama mgongo wa ngamia. Wazao wa kaka yake babu hutumia mikaratusi pia, ila wana banda ambalo mbao hupangwa kwa nafasi zipitiwe na hewa kwa miezi, na hawauzi wala hawatumii iliyokatwa juzi. Nilipanda ngazi mwenyewe kutazama kenchi kabla mabati hayajapigiliwa. Viungio vilikuwa vimekatwa kwa msumeno na kuingiana. Hapakuwa na vipande vya mbao vilivyobandikwa juu ya pengo ili kuficha kipimo kilichokosewa. Mabati walishauri yawe ya geji 28, ambayo ni mazito kuliko ya geji 30, kwa sababu ya mvua ya mawe, na wakafunga kinga ya radi bila kuombwa, kwa kuwa ukanda huu wa magharibi una ngurumo nyingi na kila mtu ana habari ya shule au boma lililopigwa.

Walipofikia umaliziaji kiwango kilishuka. Vigae, mabomba na rangi si kazi ya ukoo. Babu hakuwa navyo, baba alividharau, na wajukuu huwapa vijana wa nje ambao hawawasimamii kwa ukali ule ule wanaosimamia nao matofali. Sakafu ya bafu iliteremkia mlangoni badala ya shimo la maji, kosa ambalo lingegunduliwa kwa kumwaga kikombe kimoja cha maji kabla ya vigae kukauka. Walilirekebisha kwa gharama yao, ila ilibidi nidai. Rangi ya chumba kimoja ilipakwa juu ya plasta ambayo bado ilikuwa na unyevu, ikafanya malengelenge. Haya si makosa ya kuangusha nyumba, lakini ndiyo ambayo mwenye nyumba huyaona kila siku, wakati msingi mzuri hauonwi na mtu yeyote tena. Laiti wangemchukua kijana mmoja wa ukoo wakampeleka chuoni kusomea mabomba na vigae, wangeondoa nusu ya malalamiko wanayopata.

Kuhusu muda, mkataba ulitaja tarehe na tarehe ikapita. Sehemu ya ucheleweshaji ilitokana na mvua, sehemu na vibarua waliokwenda kupanda mahindi mwezi wa Machi, na sehemu na matanga. Kampuni ya ukoo huomboleza kiukoo: akifariki mtu wa karibu, karakana hufungwa hadi baada ya mazishi, na katika kaunti yenye zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita ya mraba, ambako karibu kila jirani ni shemeji wa mtu, matanga hayako mbali. Sikuona ustaarabu wowote katika kulalamikia jambo hilo. Nilichowaambia ni kwamba waliandike mapema katika ratiba yao, kwamba kazi inayohesabiwa miezi minne itolewe ahadi ya sita, kwa sababu mteja aliyepanga kuhamia nyumba yake kwa tarehe fulani huwa naye ana kodi anayolipa mahali pengine.

Malipo yalikwenda kwa hatua: msingi, linta, paa na umaliziaji, kila hatua ikiwa na risiti na picha. Nilibakiza sehemu ya fedha kuwa dhamana hadi masika ipite, sharti ambalo mafundi wengi wa mitaani hulikataa kwa hasira na ambalo hawa walilikubali bila mjadala. Masika ilipopita, ufa mwembamba ulijitokeza juu ya dirisha la sebule. Kaka alikuja, akaweka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa na kuandika tarehe, akarudi baada ya wiki kadhaa, na alipoona haujasogea akaukwangua na kuuziba. Alieleza kwamba ufa uliosimama ni wa plasta na unaotembea ni wa msingi, na kwamba kama ungetembea angefukua. Namwamini, kwa kuwa nimeziona nyumba mbili za wakati wa baba yake ambazo hadi leo huzikagua bila malipo, akipita tu njiani, kwa sababu wenyewe bado wanamwita mtoto wa fundi wetu.

Ninawapendekeza kwa nyumba za chini, madarasa, makanisa madogo na maduka ndani ya Luanda, Emuhaya, Maseno na pengine hadi Yala. Usajili wao ni wa daraja la chini, na wao wenyewe humkatalia anayetaka ghorofa nyingi, jambo ninaloliheshimu, hasa nikikumbuka jengo la makazi lililoporomoka Huruma, Nairobi, mwezi wa Aprili 2016 na kuua watu wengi. Anayetaka sebule yenye dari za madoido na jikoni la kisasa awaachie kuta na paa, kisha atafute mwingine kwa umaliziaji na aseme hivyo wazi kwenye mkataba, hawatachukia. Anayetaka kuanza baada ya mavuno ya Agosti awaone kabla ya Juni, aende na mchoro ulioidhinishwa, na aombe kuzungumza na dada kuhusu fedha na kaka kuhusu udongo. Fedha zangu za dhamana nimezilipa zote isipokuwa za mlango wa jikoni, ambao ulitoka kwa muuzaji wa nje na sasa haufungi vizuri. Seremala amesema atautengeneza mwingine kwa mbao za bandani, na tumekubaliana kwamba nitalipa ukishatundikwa.